Mlango wa Gereza na Meza ya Karani

Katika Tanzania zipo siku mbili za mwaka ambazo jamaa wengi hukaa karibu na redio kwa moyo wa hofu na matumaini, nazo ni tarehe 26 Aprili, sikukuu ya Muungano, na tarehe 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru. Desturi ya siku nyingi ni kwamba Rais, kwa mamlaka aliyopewa na Ibara ya 45 ya Katiba, huweza kuwasamehe wafungwa katika siku hizo. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157, na kati yao 1,828 waliamriwa kutoka mara moja. Tarehe 9 Desemba 2019, akiwa Mwanza, aliwasamehe wengine 5,533. Picha hupigwa malangoni, akina mama hupiga vigelegele, na watu hulia kwa furaha.

Habari hizo huisha siku ile ile. Sisi katika ukurasa huu twataka kusema juu ya kesho yake, na kesho kutwa, na mwezi wa tatu. Maana askari akishafunga lango nyuma ya mtu, kazi yake imekwisha. Na hakimu aliimaliza yake zamani. Kazi iliyobaki ni yetu sisi tukaao mezani. Mtu aliyetoka kifungoni, kabla hajapata jembe wala chumba cha kulala, hukutana na karani, na karani huyo ni mwanachama wetu.

Tumfikirie mtu aliyefungwa mwaka 2015 akatoka mwaka 2021. Alipoingia gerezani, mtu aliweza kuandikisha laini ya simu kwa kitambulisho alicho nacho. Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini huandikishwa kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizoandikishwa hivyo zilianza kufungwa. Wakati huo wote yeye yuko ndani, akilima shamba la gereza. Anatoka, na hana namba. Pasipo namba hapati laini. Pasipo laini hana njia ya kupokea hata shilingi elfu tano atakazotumiwa na dada yake, kwa kuwa fedha siku hizi hupita simuni. Kibarua mwenye kumwita kazini humwita kwa simu. Basi mtu huyu yu huru, lakini hapatikani.

Aipate wapi namba hiyo? Fomu yake yataka muhuri wa serikali ya mtaa au ya kijiji. Mwenyekiti aliyemjua alikwisha toka madarakani, au alikwisha fariki, aliyepo asema, kwa haki kabisa, "Simjui mtu huyu." Cheti cha kuzaliwa kilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa katika chumba cha kupanga, na chumba kilikwisha kodishwa kwa mtu mwingine kabla hata hukumu haijasomwa. Karatasi moja tu anayo, ile ya kuonyesha kwamba amemaliza kifungo chake, nayo ndiyo karatasi ambayo angependa kuliko zote isionekane na mtu.

Mmoja wetu alishuhudia jambo katika ofisi ambayo hatutaitaja. Mtu wa makamo alisimama katika mstari tangu asubuhi. Alipofika dirishani akaombwa uthibitisho wa makazi, akatoa karatasi ile. Karani aliisoma, akainua macho, akamwita mwenzake aje aitazame. Kisha wakamrudishia na kumwambia kwamba fomu yake ni pungufu, alete barua. Mtu yule aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaondoka, na mstari ukasogea. Hakuna kanuni iliyovunjwa siku ile. Fomu ilikuwa pungufu kweli, na fomu pungufu hurudishwa. Walakini twauliza: mtu huyo alirudi lini? Na kama hakurudi, alikwenda kwa nani?

Maana wapo wasiomwomba barua. Aliyekuwa mwenzake katika wizi hamwombi kitambulisho. Mwuza gongo hamwombi cheti cha kuzaliwa. Hao humpokea kwa jina lake, humpa chakula, humpa na kazi usiku ule ule. Twawalaumu waliotoka gerezani kwa kurudia marafiki wabaya, nasi hatujiulizi kama walikuwa na wengine wa kuwarudia.

Mataifa yalikwisha kulitazama jambo hili. Mwaka 1955 yalikubaliana juu ya kanuni za chini kabisa za kuwatunza wafungwa, na tarehe 17 Desemba 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizikubali zikiwa zimetengenezwa upya, zikapewa jina la Nelson Mandela, yeye aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 90 yasema kwamba wajibu wa jamii hauishi siku mfungwa anapofunguliwa. Kanuni ya 107 yataka maisha yake ya baadaye yafikiriwe tangu siku ya kwanza ya kifungo. Na Kanuni ya 108 yataja mambo ambayo idara na vyama vya msaada vimhakikishie atokaye: hati na vitambulisho vyake, mahali pa kukaa na kazi, mavazi ya kumfaa, na fedha za kumfikisha aendako na kumtunza siku za mwanzo. Tazameni mpango wa maneno hayo. Hati zimetajwa kwanza, mbele ya nyumba, mbele ya kazi, mbele ya nguo. Waliotunga kanuni hiyo, hapana shaka, walijua mambo ya ofisi.

Basi shauri letu la kwanza ni hili. Maafisa wa vitambulisho na wa vizazi na vifo waende gerezani kabla ya mtu kutoka, wasimngojee dirishani. Tarehe ya mfungwa kutoka hujulikana mapema kuliko tarehe ya mgeni yeyote. Huandikwa siku anayoingia, na hata punguzo la theluthi moja analoweza kupata kwa mwenendo mwema huhesabiwa kwa kalamu. Alama za vidole vyake zilichukuliwa alipokamatwa. Haishindikani kuzichukua mara ya pili kwa heri. Miezi mitatu kabla ya siku yake, ofisi ya gereza iandike barua kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa aendako, au kwa sheha ikiwa ni Zanzibar, ijibiwe, na jibu litiwe katika faili lake. Jambo hili halihitaji jengo jipya wala gari. Lahitaji barua mbili, na mtu wa kuzijibu.

Twajua kwamba msamaha wa sikukuu hautoi miezi mitatu. Lakini hata hapo orodha huandaliwa kwa siku nyingi kabla ya kusomwa, na mtumishi aliyezoea kuwahudumia wanaotoka kwa zamu hatashindwa na wanaotoka pamoja.

Hapa lipo jambo moja la ajabu ambalo wengi hawalijui. Kwa Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, mfungwa anayestahili huweza kutoka kabla ya muda wake na kuumalizia kifungo nyumbani chini ya uangalizi. Mtu huyo ana masharti, ana mahali pa kuripoti, ana afisa anayemjua kwa jina. Akipotea, yuko wa kumwuliza. Lakini yule aliyetumikia muda wake wote hata siku ya mwisho hutoka bila kuripoti kwa mtu yeyote. Hana deni, kwa hiyo hana wa kumwuliza. Aliyemaliza adhabu hukosa msaada anaoupata asiyeimaliza. Na mahabusu, aliyekaa ndani miaka miwili au mitatu akingoja kesi, kisha mahakama ikamwachilia, huyo hata hahesabiwi kuwa ametoka kifungoni; hushuka ngazi za mahakama na nguo alizovaa. Naye alipoteza chumba, na kazi, na pengine mke, sawasawa na aliyehukumiwa.

Idara ya Huduma za Uangalizi ipo, na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 imewaepusha wengi na gereza kwa kuwapa kazi za faida kwa umma badala ya kifungo. Kenya nao wanayo sheria ya namna hiyo tangu 1998, na idara yao ya uangalizi imebeba katika jina lake lenyewe kazi ya kuwatunza waliokwisha kutoka. Jina si kazi, tunakubali. Lakini jambo lisilo na jina ofisini halina fungu katika bajeti, na kila mhasibu asomaye ukurasa huu anajua tunalolisema.

Twasikia tayari sauti ya msomaji mmoja, na sauti yake ni ya haki. Asema: "Mwanangu amemaliza shule, hajaiba hata sindano, naye yuko nyumbani hana kazi. Mbona mnamtafutia kazi mwizi?" Hatumjibu kwa kumkemea. Hatuombi kwamba aliyefungwa apewe kazi mbele ya asiyefungwa. Muhuri unaogongwa katika fomu ya mmoja haupunguzi wino wa mwingine. Tena kijana yule aliyeko nyumbani analala chini ya paa la babaye, na jirani zake wanamjua. Mwenzake akishindwa, atakayevunjiwa mlango ni huyo huyo baba aulizaye. Na aliyeibiwa mara ya kwanza, ambaye mara nyingi husahauliwa katika mazungumzo haya, haki yake mojawapo ni kwamba asiibiwe mara ya pili na mtu yule yule.

Wala hatusemi kwamba yote yasahauliwe. Aliyewaharibu watoto asirudishwe shuleni, hata ipite miaka mingapi. Aliyekula fedha za kijiji asipewe tena ufunguo wa sanduku la kijiji. Lakini nani asemaye kwamba aliyepigana kilabuni akiwa na miaka 20 asiwe dereva akiwa na miaka 40? Hati ya Polisi ya tabia njema, na lile swali la fomu za ajira, "Je, umewahi kuhukumiwa?", haviulizi kosa lilikuwa nini, wala lini, wala mtu amekaaje tangu hapo. Huko Uingereza walitunga sheria mwaka 1974 ya kwamba hukumu zisizo kubwa, zikipita miaka fulani bila kosa jipya, zihesabiwe kuwa zimekwisha, na mtu asilazimike kuzitaja kwa kazi za kawaida. Ila kazi za watoto, na nyingine za amana, ziliachwa nje ya ruhusa hiyo. Sheria ile ilianza kwa woga, ikapanuliwa kidogo kidogo, na hata mwaka 2023 walikuwa bado wanaipanua. Twapenda mawakili na wabunge wetu waizungumze. Wakati wanazungumza, mwajiri hazuiwi na mtu kulitazama kosa lenyewe na umri wake kabla ya kuitupa barua ya maombi.

Juu ya ufundi, tuseme neno. Gereza la Karanga, Moshi, linajulikana kwa viatu, na mwaka 2020 kilifunguliwa huko kiwanda kipya cha ngozi. Ukonga, Dar es Salaam, wanatengeneza samani ambazo baadhi yetu twazikalia maofisini. Ruanda, Mbeya, wana chuo cha ufundi. Kazi hizo ni njema sana. Lakini fundi aliyejifunza kushona kiatu kwa mashine kubwa ya umeme, akishuka kwenye basi kijijini kwao hana hata msharasi. Kanuni ya 103 ya kanuni tulizozitaja yataka mfungwa alipwe kwa kazi yake, na sehemu ya malipo iwekwe akiba apewe siku ya kutoka. Akiba ndogo ya miaka mitano, ikinunuliwa zana, yamtosha kuanzia. Halmashauri nazo, kwa sheria iliyotungwa mwaka 2018, hutenga sehemu kumi katika mia ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kijana aliyetoka kifungoni bado ni kijana, na mwanamke ni mwanamke. Afisa maendeleo ya jamii asiwaondoe katika orodha kwa kunong'onezwa.

Na cheti cha ufundi kiandikwe jina la ufundi na la mamlaka ya mafunzo, basi. Kanuni ya 28 yakataza kuandika katika cheti cha kuzaliwa kwamba mtoto alizaliwa gerezani. Ikiwa mtoto asiye na kosa analindwa na karatasi yake, twaona yafaa seremala aliyekwisha kulipa kosa lake alindwe na yake, ili mbao zake zipimwe kwa rula.

Wanawake ni wachache magerezani, na kwa sababu ya uchache wao hatuwafikirii. Mwanamume akifungwa, mara nyingi mkewe humpelekea chakula na kumlelea watoto. Mwanamke akifungwa, mara nyingi hukuta akitoka kwamba nyumba ina mwenyewe mwingine, na watoto wametawanywa kwa shangazi na bibi. Huyo hahitaji muhuri tu. Ahitaji afisa ustawi wa jamii aende mbele yake, akae na wazee wa pande mbili, aulize watoto wako wapi, na chumba chake ni kipi. Vivyo hivyo kwa aliyemwua au kumjeruhi mtu wa kijiji chake mwenyewe; kumpandisha basi kurudi huko pasipo maneno kutangulia ni kumtia hatarini yeye na wale anaowarudia. Jamaa za marehemu waulizwe. Wakikataa, atafutiwe mahali pengine. Mambo haya wazee wetu waliyafanya kwa vikao virefu, na hayakuwahi kwisha kwa siku moja.

Neno gereza, wanasema wajuzi wa lugha, tulilipokea kwa Wareno, na kwao asili yake ni kanisa. Ngome yao ya Mombasa iligeuzwa kifungo cha Serikali mwaka 1895 na kubaki hivyo hata 1958. Leo watalii hulipa kiingilio ili waingie. Majengo husamehewa upesi.

Yapo masomo ya karibu zaidi. Chama cha Waafrika watumishi wa Serikali katika Tanganyika kiliundwa Tanga mwaka 1922, na aliyekiongoza, Martin Kayamba, alikuwa mtu aliyewahi kuonja kifungo. Wajerumani walimfunga wakati wa Vita ya 1914 hata 1918, kama walivyowafunga wengi waliosomeshwa na misheni ya Kiingereza. Hakuwa mwizi, wala hatumlinganishi na mvunja maduka. Kifungo chake kilikuwa cha vita. Twalitaja kwa sababu ya yaliyofuata: alitoka, akapewa kalamu na meza, na mwaka 1931 alikuwa London akitoa maoni mbele ya kamati ya Bunge la Waingereza. Wenzetu wa leo wanaofungwa si wa vita. Ni mhasibu aliyechukua fedha za mtihani akitumaini kuzirudisha, ni mweka stoo, ni dereva aliyegonga mtu usiku. Wengine walikaa nasi chumba kimoja. Wangapi kati yetu tuliwatembelea? Wakitoka, jina lao hufutwa katika mazungumzo ya ofisi kama lilivyofutwa katika orodha ya mishahara, na tukikutana nao sokoni twavuka barabara.

Basi twaomba matawi yote yalizungumze jambo hili katika mkutano ujao. Kila tawi lililo karibu na gereza limwendee Mkuu wa Gereza kwa heshima, lijue ni watu wangapi watatoka katika robo ya mwaka ijayo na wanakwenda wilaya zipi. Wanachama walio katika ofisi za vitambulisho, za vizazi na vifo, za ustawi na za watendaji wajiandikishe kwa katibu, kila wilaya watu wawili, ili barua ya gereza ipate anwani yenye mtu. Wanaokaa dirishani wakubaliane kwamba karatasi ya kutoka gerezani itasomwa kwa macho, bila sauti, na kwamba mwenye fomu pungufu ataambiwa pale pale, kwa maandishi, ni kipi kinachopungua na akipate kwa nani. Makatibu watuletee majibu yao, pamoja na magumu waliyoyakuta, nasi tutayachapa kama yalivyo.